Kuchora Pwani Ukiwa Kasulu: Mwongozo kwa Wanaoanza

Mwenye gesti akikuita umchoree pwani inavyoonekana kutoka mlimani, usimuulize pwani ipi wala mlima upi. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayowalaza wachoraji na njaa. Yeye anajua anachotaka, nawe unakijua: mnazi mmoja ulioinamia maji, jahazi lenye tanga jeupe, jua linalozama likiwa jekundu kuliko jua lolote lililowahi kuzama, na huko nyuma, kwa kuwa nafasi imebaki, mlima wenye theluji. Kwamba Kilimanjaro na Bahari ya Hindi haviwezi kukaa kwenye ubao mmoja bila kuhamisha mkoa mzima wa Tanga, hilo ni tatizo la walimu wa jiografia. Ukuta wa mapokezi ni mtupu, mteja ana hela, na wewe una rangi ya samawati nusu kopo iliyobaki ulipopaka duka la wakala wa pesa za simu.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na ukishashuka mwisho wa reli bado unapanda milima kwenda Kasulu. Mtu wa Buha, nchi ya Waha, anaweza kuzaliwa, kuoa, kulima maharage, kusomesha watoto na kuzikwa bila kuonja maji ya chumvi. Hilo halijamzuia mtu kutundika bahari sebuleni. Tena ndilo linaloipa bahari bei. Kilima unachokipanda kila siku kwenda shambani ni kilima tu. Mpaka kitokee mahali usipopajua ndipo kinaitwa mandhari na kuwekewa fremu. Wahenga waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakuwa wachoraji.

Lakini tuseme umepatwa na ugonjwa wa ukweli. Huwapata hata watu wazima wenye familia. Umeamua kwamba hutachora pwani ya kwenye kalenda. Utapanda mlima wa kweli, utayaona maji ya kweli, na utarudi na ubao uliochorwa palepale. Basi mwongozo huu ni wako. Mwenzako wa mnazi ulioinama hauhitaji, kwa sababu saa hii anamalizia kazi ya tatu na mteja wa nne anamsubiri.

Tuanze na taarifa mbaya. Ukiwa Kasulu mjini, ziwa halionekani. Lipo upande wa magharibi, zaidi ya kilomita 50 ukinyoosha mstari kwenye ramani. Kwa hesabu tupu mambo si mabaya: uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na miinuko ya Buha inapita mita 1,500, kwa hiyo mtu aliyesimama huko juu, kama mbele yake pangekuwa na maji matupu, angeona hadi karibu kilomita 100. Tatizo ni kwamba mbele yake kuna mlima, na nyuma ya mlima huo kuna mlima mwingine ambao nao una ndugu zake. Unaweza kupanda Heru Juu, kilima cha wami, yaani watawala wa jadi, wa Heru, akiwemo Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala huko enzi za Waingereza. Utaona migomba, mashamba yaliyokatwa viraka mpaka mgongoni mwa vilima, moshi wa tanuri za matofali, na barabara nyekundu inayopotea na kuibuka tena. Maji hutaona. Wami hawakukaa pale kutazama machweo; nadhani walitaka kujua nani anakuja.

Kibondo ndiyo usiseme. Ziwa liko zaidi ya kilomita 100 kutoka huko, na maji makubwa ya jirani yako upande wa pili kabisa, mashariki: ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000. Mafunjo, viboko, ndege wasiohesabika, na maji yanayotambaa nyikani mpaka hujui nchi kavu iliishia wapi. Ni fahari ya dunia. Sasa nenda kamwambie mteja kwamba umemchorea kinamasi.

Zamani mchoraji wa Kasulu aliweza angalau kujivunia vilele vya Manyovu. Mwaka 2012 serikali ikaikata Buhigwe kutoka Kasulu, kama ilivyoikata Kakonko kutoka Kibondo, na vilele vizuri vikahamia wilaya mpya pamoja na madawati na mafaili. Kwa hiyo jiandae kuomba mandhari kwa jirani. Shauri langu ni upite Manyovu uteremke njia ya Kigoma hadi Kalinzi, kwenye kahawa, halafu utembee kuelekea magharibi mpaka mahali ardhi inapokatika. Hapo umesimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Misitu ya Gombe iko chini yako na ziwa liko mbele yako lote. Sasa unaweza kuitwa mchoraji wa pwani.

Kwa asiyetaka nauli hiyo, ipo njia ya mkato, na imeidhinishwa Ulaya. Wakati wa mvua, alfajiri, mabonde ya Kasulu hujaa ukungu mpaka vilima vinabaki visiwa. Amka kabla jua halijaukausha na utapata pwani, ghuba na rasi, bila tone la maji. Mjerumani Caspar David Friedrich alifanya hivyohivyo mnamo 1818: bwana mmoja amesimama juu ya mwamba, ametupa mgongo, mbele yake bahari nzima ya ukungu. Picha iko Hamburg, na nakala zake zimejaa kwenye majalada ya vitabu. Tena miamba na vilele vile havikuwa mahali pamoja. Alivikusanya kutoka michoro aliyoichora sehemu mbalimbali, akaviunganisha akiwa chumbani kwake. Ndicho anachofanya mwenzetu wa Kilimanjaro na mnazi, ila Friedrich anaitwa gwiji na wetu anaitwa fundi rangi.

Ukishachagua mlima, jitayarishe kukutana na serikali ya kijiji. Hii ndiyo sehemu ngumu ya sanaa ya mandhari, na hakuna chuo kinachoifundisha. Fikiria unavyoonekana. Mtu mgeni amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi. Anakitazama kilima. Anafumba jicho moja, ananyoosha mkono na penseli, anapima. Anaandika kitu. Anakitazama tena. Kwa uzoefu wa watu wa hapa, mtu wa namna hiyo ni mmoja kati ya watatu: mpima ardhi, mtafuta madini, au mtu wa hifadhi aliyekuja kusogeza mpaka. Hakuna kati yao aliyewahi kuleta habari njema. Na kwa kuwa Burundi ni hapo tu, kuna uwezekano wa nne, ambao utaelezwa na watu wa uhamiaji.

Ataanza mtoto. Mtoto atamwita bibi yake, bibi atatuma mtu kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kabla rangi ya mbingu haijakauka utasikia kikohozi nyuma yako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, unapima nini hapa?"

"Sipimi, mzee. Nachora."

"Ramani."

"Hapana, mzee, picha. Picha ya ziwa."

"Ziwa lipo siku zote. Nani kakutuma?"

Hapo ndipo wengi huharibu. Ukisema umejituma mwenyewe kwa kuwa umependa uzuri wa mahali, umejifunga. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanda mlima kuutazama bila kulipwa. Mtaje mwenye gesti. Mtu akiwa na mteja, anaeleweka. Na kama ulitanguliza busara ukapita kwa mtendaji, toa barua yenye muhuri, uishike mahali upepo hautaichukua.

Mzee akiridhika hataondoka. Atakaa karibu yako na kuwa mhakiki wako, na usimdharau, maana ni yeye peke yake katika maisha yako ya usanii atakayeikagua kazi yako mti kwa mti. Atakwambia umeuruka mwembe. Atakuuliza kwa nini shamba lile umelipaka kijani wakati limelimwa juzi tu. Halafu atafika kwenye lile tuta jembamba lenye majani kati ya mihogo na migomba, ambalo wewe ulilichora kwa mpigo mmoja wa brashi bila kufikiri, na sauti yake itabadilika. "Hapo umekosea. Mpaka unapita huku." Usibishane. Uliza kama kuna kesi. Mara nyingi ipo, na ubao wako ukiachwa hivyo utaitwa siku moja mbele ya baraza la ardhi la kata kuwa kielelezo cha upande wa pili. Mchoraji mwenye hekima hupandisha ukungu kidogo mahali penye mgogoro.

Wala usiseme watu wamebadilika siku hizi. Novemba 1871, Henry Morton Stanley akiwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita katika nchi ya Waha na akatozwa hongo ya nguo, doti kwa doti, kwa mtawala mmoja baada ya mwingine, mpaka akaona mzigo wake utaisha kabla ya safari. Akaajiri kiongozi wa njia, akawatorosha watu wake usiku kimyakimya kupitia porini. Wazee wetu ndio walikuwa wa kwanza kutoza kiingilio kwa anayetaka kuliona ziwa, na ni hasara kubwa kwa halmashauri zetu kwamba utaratibu ule haukuendelezwa.

Kuhusu wakati wa kwenda. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, nyika huchomwa moto na hewa hujaa moshi. Milima ya Kongo iliyo ng'ambo inatoweka kabisa. Mvivu huupenda msimu huu kwa kuwa kisichoonekana hakichorwi. Hewa safi huja baada ya mvua, ile saa moja au mbili kati ya wingu lililopita na linalokuja. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza tarehe 13 Februari 1858, wakati wa mvua, kutoka kilimani kusini mwa hapa. Nasema "waliliona" kwa heshima tu. Burton maradhi yalikuwa yamemlemaza miguu, na Speke alikuwa anaumwa macho kiasi kwamba hakuona kitu zaidi ya ukungu. Aliyewaambia kwamba ule mng'ao wa mbali ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao, mtu wao wa kazi, mwenye macho mazima. Burton alipoona kipande kidogo tu kati ya miti alisikitika kwamba amehatarisha maisha yake kwa ajili ya kidimbwi. Aliposogea hatua chache ziwa likafunguka lote mbele yake, akabadili kauli. Kwa hiyo ukifika na kuona mandhari haina maana, sogea kidogo kabla ya kutoa hukumu. Na nenda na mtu anayeona.

Vifaa havina maneno mengi. Kanvasi utaisikia redioni. Chukua hadibodi, uikwangue na msasa, uipake rangi ya maji nyeupe mara mbili, uache ikauke. Juu yake tumia rangi ya mafuta ya dukani, ileile ya milango. Usione aibu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia hadibodi na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, na kabla ya kuuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, alikuwa amekwisha kuanzisha mtindo ambao leo unabeba jina lake dunia nzima. Brashi za bei rahisi hutoa manyoya. Yaache, yatakuwa nyasi za mbele. Vumbi jekundu nalo litatua kwenye rangi mbichi upende usipende. Kabla lami haijaanza kufika kwenye barabara ya Nyakanazi, Kibondo na Kasulu, vumbi hilo lilikuwa limezipa picha zote za ukanda huu umoja wa rangi ambao shule za sanaa huutafuta kwa miaka minne.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo karibu kila anayeanza hulikosea, na ambalo halina kejeli ndani yake. Mtu hudhani kwamba kwa kuwa yeye yuko juu na maji yako chini, basi maji yachorwe chini ya ubao. Anaishia na ziwa lililomwagikia miguu yake. Ukweli ni kinyume. Upeo wa macho, ule mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, hukaa usawa wa macho ya anayetazama, popote alipo. Chutama ufukweni Kibirizi, pale Kigoma, mstari unachutama nawe. Panda mlima, unapanda nawe. Ndiyo maana mtu anayetokea ghafla juu ya ukingo wa Kalinzi huliona ziwa limesimama wima mbele yake kama ukuta uliopakwa samawati, na mitumbwi imening'inizwa juu yake. Ukitaka uhakika, shika fimbo mlalo mbele ya macho yako, kisha utazame mstari wa mbali uko wapi.

Kwa hiyo mstari wako uupandishe, uuweke kwenye theluthi ya juu ya ubao. Chini yake achia mteremko: mgongo wa kilima ulipokaa, halafu kilima kinachofuata kikiwa chini zaidi, halafu miti ya bondeni ambayo unaiona vichwa tu, halafu ufuko mwembamba, ndipo maji yaanze na kupanda. Kwenye Tanganyika kuna nyongeza moja. Ziwa kwa upana ni kama kilomita 50, na siku safi huoni maji yakikutana na mbingu bali yakikutana na Kongo. Mstari huo wa ng'ambo uko chini kidogo tu ya usawa wa macho yako, na juu yake milima inaendelea. Ukiusogeza chini kwa upana wa vidole viwili, umeua kilomita nyingi za maji.

Rangi nazo zina nidhamu yake. Hewa inavyozidi kuwa nyingi kati yako na kitu, ndivyo kitu hicho kinavyofifia na kugeuka samawati. Migomba iliyo karibu iwe kijani chenye njano ndani yake, na majani yake yaliyochanwa na upepo uyaone moja moja. Kilima cha pili kijani kilichotiwa kijivu. Milima ya mwisho usiichanganyie rangi kabisa: tumia ile iliyobaki kwenye kopo la kuoshea brashi. Maji yenyewe, kwa kuwa kina chake kinafika mita 1,470 na ni cha pili duniani baada ya Baikal, yana buluu nzito kuliko unavyothubutu kuiweka. Thubutu.

Baada ya hapo mkono wako utakuwasha kuchora mnazi. Uuzuie. Mti wa pwani ile ni mchikichi, na tofauti si ndogo. Mnazi hujipinda, mchikichi husimama wima. Shina la mnazi ni laini lenye pete, lakini la mchikichi, hasa ukiwa bado kijana, limejaa visiki vya makuti yaliyokatwa, na ndani ya visiki huota majani mengine madogo, kwa hiyo shina lote lina manyoya. Mikungu ya chikichi haining'inii nje mahali pa kuonekana. Imejificha katikati ya makuti yenye miiba, nyeusi juu na nyekundu pembeni. Ni mti usiopendeza kwenye kalenda. Lakini ndio uliozipaka mafuta sufuria za mkoa mzima, na mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kuhimiza ufufuliwe. Hakuna waziri mkuu aliyewahi kuja Kigoma kwa ajili ya mnazi.

Jahazi nalo lina wakili: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa na majahazi ya tanga kwenye ziwa hili. Ukibanwa, sema picha yako ni ya kihistoria. Vinginevyo chora mitumbwi ya mbao ya wavuvi wa dagaa, ambayo mchana imelala ufukweni na usiku usio na mwezi hutoka na taa, mpaka anayetazama kutoka mlimani anadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Angalia tarehe tu. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na picha iliyosainiwa Juni mwaka huo ikiwa na mitumbwi hamsini kazini ni ushahidi dhidi ya watu wasio na hatia. Kuhusu meli, najua utataka kumweka Liemba, aliyeletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, akaingia majini mwaka 1915 akiitwa Graf von Götzen, akazamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe, akaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mweke. Lakini kutoka mlimani ni nukta. Mtu aliyetumia siku nzima kuchora madirisha yake hakuwa mlimani.

Kuna jambo kuhusu ile milima ya rangi ya maji ya kuoshea brashi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Walivuka ziwa hilihili. Kwa hiyo ukanda huu una maelfu ya watu ambao pwani inayoonekana kutoka mlimani wameibeba kichwani, ila wao waliitazama kutoka upande wa pili: kwao jua lilichomoza juu ya Buha, na sisi ndio tuliokuwa samawati iliyofifia. Ukimwonyesha mmoja wao picha yako atakwambia mto unashuka wapi na kijiji kilikuwa upande gani wa mto, hata kama wewe pale uliweka doa tu. Kama ana muda, mpe brashi.

Mwisho, weka mtu mbele. Wanaoanza humweka mtalii aliyenyoosha mkono akionyesha maji, ili mtazamaji asipotee. Pieter Bruegel, au aliyemnakili, kwa sababu wataalamu hawajakubaliana, alichora karne ya 16 pwani inayoonekana kutoka juu, picha iliyoko Brussels. Baharini Ikaro ameanguka kutoka angani, miguu tu ndiyo imebaki juu ya maji. Mbele kabisa mkulima analima, macho kwenye mtaro wake, hana habari. Mkulima huyo ungeweza kumkuta Kalinzi asubuhi ya leo. Chora mama anayepalilia kahawa akiwa amelipa ziwa mgongo; palizi haina kutazama maji. Na kama unaogopa kwamba watu wa kwenu wakifanya kazi zao si mada ya sanaa, mkumbuke Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na London. Mwaka 1956 alichora watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hakuna jahazi, hakuna machweo. Picha hiyo sasa ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Ndizi tunazo, maharusi tunao.

Bei mkubaliane kabla hujachovya brashi, na nusu ichukue mkononi. Siku ya kukabidhi, mwenye gesti ataitazama kazi yako: mstari uko juu, michikichi imesimama wima, mama yuko kwenye kahawa, mpaka wa shamba una ukungu. Atanyamaza. Kisha atauliza, "Sasa fundi, bahari iko wapi?" Hapo una njia mbili. Unaweza kuongeza mnazi ulioinama kwenye kona ya kulia, kazi ya dakika kumi, ukalipwa nusu iliyobaki. Siwezi kukulaumu, ada ya shule haisubiri. Au unaweza kuuchukua ubao wako na kuondoka, ukampelekea yule mzee wa kitongoji, ambaye ataukagua upya.

Nanyi wenye gesti wa Kasulu na Kibondo, neno moja. Wageni wenu wa semina na warsha wengi wanatoka Dar es Salaam na Tanga. Bahari wameiacha kwao, wanaijua vizuri kuliko fundi wenu. Watundikieni Heru Juu.